Shekhar Mehta na Gurudumu Linalozunguka Bure

Katika orodha ya washindi wa mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, liko jina lililoandikwa mara tano. Ni jina la Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyepoteza nchi yake mwaka 1972, akaipatia Kenya sifa zisizosahaulika, na kufariki dunia mjini London tarehe 12 Aprili 2006. Vijana wengi wa Kilwa na Lindi hawamjui. Wazee waliowahi kushika usukani wa lori katika barabara ya kusini wanamjua sana, na ukimtaja mbele yao watakutajia na gari lake.

Tunaona yafaa maisha ya mtu huyu yasimuliwe katika safu hii. Si kwa sababu ya vikombe alivyotwaa, maana vikombe havijazi chungu, bali kwa sababu ya jambo moja alilolijua kuliko madereva wengi wa zama zake, nalo ni namna ya kulifanya gurudumu lishike ardhi badala ya kuzunguka bure. Jambo hilo si mchezo kwetu. Mwezi wa Mei 2024, mvua na kimbunga kilichoitwa Hidaya vilipoikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika maeneo ya Somanga, mkoa mzima ulijua upya maana ya kutengwa. Na hata pale ambapo maji hayakulikata tuta la barabara, njia za udongo ziendazo bara zilikuwa na hadithi ileile ya kila masika: gari limezama mpaka kwenye ekseli, dereva anakanyaga mafuta, tairi linaunguruma na kurusha tope, na mgonjwa yumo ndani.

Huenda msomaji wetu wa Kilwa Kisiwani au Songosongo akauliza hayo ya magari yanamhusu nini yeye, mtu wa mtumbwi na jahazi. Tunamjibu kwamba yeye ndiye atakayeyaelewa upesi kuliko mtu wa mjini. Nani asiyejua tofauti ya upondo uliochomekwa kwenye mchanga mgumu na upondo uliochomekwa kwenye tope la mikoko? Nguvu ya mkono ni ileile, na upondo ni uleule. Katika mchanga chombo kinakwenda mbele. Katika tope upondo unazama, chombo kinabaki palepale, na mwenye kuongeza nguvu kwa hasira huishia kuchomoa upondo na kuanguka majini. Gurudumu la gari ni upondo uliofanywa duara. Injini iwe na nguvu za farasi mia au elfu, gari haliendi mbele kwa nguvu za injini; linakwenda kwa kiasi kile tu ambacho ardhi imekubali kusukumwa. Mshiko huo unatokana na mambo mawili: uzito unaoligandamiza gurudumu chini, na hali ya pale lilipokanyaga. Ukizidisha nguvu kuliko mshiko, gurudumu linaanza kuteleza, na gurudumu linaloteleza hushika kidogo zaidi kuliko lile linalobingirika. Hapo ndipo mkasa huanza.

Watu waliolitambua hilo kwa gharama kubwa kabisa ni wale walioshindania rekodi ya mwendo wa kasi juu ya nchi kavu. Mwingereza Malcolm Campbell alikuwa akikimbiza gari lake, Blue Bird, juu ya mchanga wa pwani ya Daytona huko Marekani, mchanga ambao mtu wa pwani yeyote anaujua: ulio imara maji yakiwa yamekupwa, na usiotabirika siku mbili mfululizo. Mwaka 1933 alipata mwendo wa kilomita 438 hivi kwa saa, lakini mafundi waliona kwamba sehemu ya nguvu za injini yake ilikuwa inapotea katika magurudumu ya nyuma yaliyokuwa yakizunguka haraka kuliko gari lilivyokwenda. Katika matengenezo ya mwaka 1935 waliyafanya magurudumu ya nyuma kuwa mawili mawili kila upande, kama ya lori, ili sehemu inayoshika ardhi iwe kubwa. Hata hivyo pwani ile haikutosha. Mwezi Septemba mwaka huohuo Campbell aliuacha mchanga, akaenda kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, ndipo akapita maili 300 kwa saa, yaani kilomita 484 hivi. Aliyemfuata kwa sifa, John Cobb, alikuwa na gari lenye injini mbili, moja ikizungusha magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma, ili uzito wote wa gari ufanye kazi ya kushika. Kwa gari hilo alifika kilomita 634 kwa saa mwaka 1947. Baadaye wenye tamaa zaidi waliikimbia shida yenyewe. Waliweka injini za ndege za jeti zinazosukuma hewa, magurudumu yakabaki ya kubingirika tu. Gari lililovuka mwendo wa sauti mwaka 1997 huko Nevada lilikuwa la namna hiyo.

Lakini jeti haiwezi kwenda Nanjirinji kuchukua mama mjamzito. Turudi kwa Mehta.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1945 nchini Uganda, katika familia tajiri ya Kihindi iliyokuwa na mashamba makubwa. Hatutaficha jambo hili, wala hatutalikuza. Mchezo wa magari katika Afrika ya Mashariki ulianzishwa na wenye nacho: safari ya kwanza ya mwaka 1953 ilifanywa na walowezi kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida aliuona mchezo huo akiwa kando ya njia, miguu peku, au mabegani mwake pakiwa na gari la mtu lililonasa. Vijiji vizima viliyasukuma magari ya Safari kutoka matopeni. Barabara zenyewe hazikufungwa. Magari ya mashindano yalikwenda kasi kwenye njia zilezile zilizokuwa na mabasi, ng'ombe na watoto wa shule. Mtu anayeukosoa mchezo huo kwa sababu hizo hatuna ugomvi naye.

Hata hivyo mchezo ulikuwa na sifa moja isiyopatikana pengine duniani. Ulikuwa mtihani wa barabara zetu kama zilivyo, wakati wa Pasaka, msimu wa masika. Mwaka 1963 magari saba tu yalifika mwisho. Mwaka 1968 yakafika saba tu tena. Kwa muda mrefu wageni kutoka Ulaya, mabingwa wa theluji na lami, walikuja na kushindwa mwaka baada ya mwaka; wa kwanza wao kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Kabla ya hapo ushindi ulikuwa wa wenyeji, na mmoja wao, Bert Shankland, aliyekuwa na makazi Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Jina lenyewe la mashindano, tangu 1960 hadi 1974, lilikuwa Safari ya Afrika ya Mashariki, kwa kuwa nchi zetu zilikuwa bado zikitazamana kama jirani wa ua mmoja.

Mehta aliingia katika mashindano ya magari akiwa kijana wa miaka 21 hivi, akiendesha BMW. Haikupita miaka mingi akaingia katika magari ya Datsun ya Japani. Wakati huo kampuni hiyo ilikuwa inatafuta jina, na Safari ndiyo iliyoipa. Mwaka 1970 na 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa magari yake, na katika ushindi huo wa pili aliyekuja nyuma yake alikuwa Mehta, naye akiwa ndani ya Datsun 240Z. Kila mtu alijua kwamba zamu yake ilikuwa inakaribia.

Kabla zamu hiyo haijafika, ikaja Agosti 1972. Idi Amin alitangaza kwamba watu wenye asili ya Asia waondoke Uganda, akawapa siku tisini. Maelfu kwa maelfu waliondoka, wakiacha viwanda, maduka, mashamba, nyumba na makaburi ya wazazi wao. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwao. Kijana aliyezaliwa katika nchi hiyo, aliyezijua njia zake usiku na mchana, aliambiwa kwamba si kwake. Akahamia Kenya. Sisi watu wa pwani hii, ambao ukoo mmoja unaweza kuwa na babu wa Shirazi, bibi wa Kimakonde na shangazi aliyeolewa na Mngazija, hatuna haja ya kufundishwa uzito wa neno hilo.

Miezi minane baadaye, Pasaka ya mwaka 1973, Mehta alisimama kwenye mstari wa kuanzia na msoma ramani wake, Lofty Drews, katika Datsun 240Z. Mwisho wa safari ile haujapata kutokea tena. Yeye na Harry Källström wa Sweden, ambaye naye aliendesha Datsun, walimaliza wakiwa na alama za adhabu zilizolingana kabisa, 406 kwa 406. Baada ya maelfu ya kilomita hapakuwa na tofauti ya hata dakika moja kati yao. Kanuni ilitamka kwamba katika hali hiyo mshindi awe yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupoteza alama yoyote, na kwa kanuni hiyo kikombe kikawa cha Mehta. Wako waliosema kwamba alishinda kwa bahati. Tunaona kwamba mtu aliyeanza safari bila kukosea, akiwa ametoka kupoteza nyumba yake, hakustahili kuambiwa neno hilo.

Baada ya hapo ilipita miaka sita bila ushindi wa Safari. Kipindi hiki hupitwa haraka na wanaomsifu, nasi pia hatutakikalia. Joginder Singh, Kalasinga wa Kericho aliyeitwa Simba, alitamba mwaka 1974 na 1976. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Safari ikawa mali ya Kenya peke yake.

Mwaka 1979 ndipo lilipoanza jambo lenyewe tunalotaka kulieleza. Kampuni ya Mercedes-Benz ya Ujerumani ilikuja na magari makubwa, 450 SLC, yenye injini ya silinda nane na ujazo wa lita tano. Mehta na msoma ramani wake, Mike Doughty, walikuwa na Datsun 160J, gari dogo ambalo sisi tulizoea kuliita Violet, lenye injini ya silinda nne, lita mbili tu, na ekseli ya nyuma ngumu ya mtindo wa zamani, isiyotofautiana sana na ya pikapu. Gari hilo lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Mehta alishinda, Mikkola akiwa na Mercedes alikuwa wa pili. Mwaka 1980 Mehta alishinda tena, na 1981 tena, miaka yote miwili akifuatiwa na Rauno Aaltonen wa Finland, aliyekuwa katika Datsun kama yake. Mwaka 1982 alishinda kwa mara ya nne mfululizo, safari hii akimwacha nyuma Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka huo ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia. Gari lilelile kwa mwingine na lilelile kwa Mehta halikuwa gari moja.

Tofauti ilikuwa wapi? Msomaji atuvumilie kidogo tuingie chini ya gari.

Kati ya magurudumu mawili ya nyuma kuna difu. Kazi yake ni kuliruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani gari linapokata kona. Bila difu tairi zingeburuzwa na kuisha upesi. Lakini difu ya kawaida ina tabia mbaya: haiwezi kulipa gurudumu lililoshika nguvu zaidi ya ile ambayo lililoteleza limeweza kuibeba. Gurudumu la kushoto likiwa kwenye tope na la kulia kwenye changarawe kavu, la kushoto huzunguka kama kinu na la kulia husimama kimya. Dereva asiyejua huongeza mafuta, na kila anapoongeza, la kushoto huchimba kaburi lake. Magari ya mashindano huwekewa difu yenye sahani za kusuguana ndani yake, zinazozuia tofauti hiyo isizidi kiasi, ili nguvu ipatikane kwenye gurudumu lililo pakavu. Magari ya Safari yaliwekewa pia vishikio na mahali pa kukanyaga kwa nyuma. Msoma ramani alishuka, akasimama nje juu ya bampa na kurukaruka, uzito wake ukiyagandamiza magurudumu. Jambo hilo huwachekesha watu, lakini ndiyo elimu yenyewe: uzito juu ya gurudumu linalosukuma. Tandiboi wetu wanaopanda nyuma ya lori mlima unapoteleza walilijua hilo bila kusomea popote.

Zaidi ya vyuma hivyo ulikuwapo mguu. Gari la Mehta halikuwa na kompyuta ya kupima mwendo wa gurudumu. Chombo cha kupima kilikuwa yeye mwenyewe: sauti ya injini inapopanda ghafla bila gari kuongeza mwendo, kiti kinapolegea mgongoni, mkia wa gari unapoanza kutafuta kando. Papo hapo mguu huinuka kidogo, si wote, kiasi cha gurudumu kushika tena, kisha hurudi. Hayo hufanywa maelfu ya mara kwa siku, usiku na mchana, kwa muda wa kilomita kiasi cha 5,000. Mwenye gari lenye nguvu kubwa alikuwa na ziada ambayo tope halikuipokea. Ziada hiyo iliishia kwenye tairi, difu na ekseli, na huko ndiko magari makubwa yalikovunjikia. Mehta alijua pia kukataa kukimbia. Mahali palipokuwa na mto uliojaa alishuka na kutazama. Wapo madereva wenye kasi zaidi yake kwa kilomita moja, na hilo hata washabiki wake hawakulibisha. Kwa kilomita elfu tano hawakuwapo.

Wakati huohuo dunia ilikuwa inageuka. Mwaka 1981 kampuni ya Audi ya Ujerumani ilianza kushindana ikiwa na Quattro, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, na kwenye theluji ya Ulaya likawaacha wengine wakitazama. Wengi walitabiri kwamba katika tope la Afrika litafanya maajabu zaidi. Haikuwa hivyo. Lilikuja Safari mwaka 1983, likapata nafasi ya pili na ya tatu. Mwaka 1984, 1985 na 1986 ushindi ulikuwa wa Toyota Celica, gari la kusukumwa nyuma. Hadi 1987 ndipo Mikkola aliposhinda akiwa na Audi 200, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa gari la magurudumu manne katika Safari. Miaka sita ilihitajika kabla ya chombo kipya kujifunza kuvumilia. Mshiko kilikuwa nao, uimara bado.

Sasa tunageukia kwa ndugu zetu maofisa, ambao najua zao za kazi tunazifahamu na hatuandiki haya kwa kuwabeza. Magari yanayonunuliwa kwa fedha za umma leo yana ile kompyuta ambayo Mehta hakuwa nayo. Kila gurudumu lina kifaa kinachopima mzunguko wake. Moja likizidi wenzake, kompyuta hulifunga breki au hupunguza nguvu ya injini, kazi ya mguu wa Mehta ikifanywa na umeme. Ni chombo kizuri. Kwenye lami iliyolowa kimeokoa watu. Lakini kompyuta haiumbi mshiko usiokuwapo. Inagawa ule uliopo, na uliopo huletwa na tairi. Gari la thamani kubwa lililovaa tairi vipara ni sawa na jahazi jipya lenye tanga bovu. Tena katika tope zito au mchanga mwingi kompyuta hiyo huweza kumnyima dereva nguvu wakati anapoihitaji ili asisimame, na ndiyo maana watengenezaji huweka kitufe cha kuizima. Ni madereva wangapi wa idara zetu waliowahi kuelezwa kitufe hicho ni cha nini?

Lipo na kosa jingine kubwa zaidi, nalo huua. Mtu akiwa na gari la magurudumu manne huona linavyoondoka bila kuteleza, akadhani litasimama vivyo hivyo. Magari yote yana breki kwenye magurudumu manne. Katika kusimama, gari la magurudumu manne halina nafuu yoyote kuliko Violet ya mwaka 1979. Na kwa kuwa ni zito, mara nyingi lina hasara. Barabara kuu ya kusini imepata lami, kile kipande cha Ndundu hadi Somanga kikiwa cha mwisho kukamilika, na Daraja la Mkapa juu ya Rufiji limekuwapo tangu 2003. Wale waliolala siku nzima kwenye kivuko cha Ndundu wanajua neema hiyo. Lakini lami iliyolowa chini ya tairi lililoisha ni utelezi mtupu, na mwendo unaotumika juu yake sasa ni mara tatu ya ule wa enzi za matope.

Mehta mwenyewe hakusalimika. Mwaka 1987, katika mashindano ya Mafarao jangwani Misri, alipata ajali mbaya iliyokaribia kuyakatisha maisha yake. Mchezo wa kuendesha ukawa umekwisha kwake. Mkewe, Yvonne, ambaye pia aliwahi kukaa upande wa msoma ramani katika magari yake, alikuwa naye katika miaka yote iliyofuata. Mtu mwingine angestaafu na kusimulia ya zamani. Yeye aliingia katika uongozi wa mchezo duniani, na tangu 1997 mpaka kufa kwake alikuwa rais wa tume ya mashindano ya aina hiyo katika shirikisho la kimataifa la magari, FIA, lenye makao Paris. Mkimbizi wa Uganda alikaa kwenye kiti ambacho wanaotoka katika nchi zenye viwanda vya magari walikitamani. Katika kipindi chake hichohicho, hata hivyo, Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Iliumiza, na tunaamini ilimuumiza yeye zaidi. Alikufa akiwa na umri wa miaka 60, bila kuiona ikirudi.

Ilirudi mwaka 2021, makao yake Naivasha, ikiwa imebadilika sana: fupi, na njia zake zimefungwa wakati magari yanapopita, jambo ambalo kwa usalama wa wanavijiji ni jema. Magari yote yanayogombea ushindi yana magurudumu manne ya kusukuma. Matope yake yaleyale bado huyasimamisha mara kwa mara.

Kwa upande wetu yapo mambo yasiyohitaji mkopo wa nje. Tairi za magari ya wagonjwa zipimwe kina chake kabla ya masika na si baada ya ajali. Madereva wa Serikali wanaokwenda Kipatimu, Njinjo, Nanjirinji na Liwale wapelekwe siku mbili matopeni pamoja na dereva mzee wa lori, wafundishwe kuinua mguu. Kila gari liwe na sepetu, kamba na mbao za kutandika chini ya gurudumu, vitu ambavyo bei yake haifikii ya tairi moja. Na huku Kilangala, ambako gari likinasa wa kwanza kuitwa ni vijana wa kijiji waje na majembe yao, wangependa kujua pia kwamba safari nyingine hawataitwa usiku.